Kupima asidi za kikaboni zinavyonata kwenye madini, kutoka kwenye mafuta na kutoka kwenye maji

Mafuta ghafi ya Bonde la Albert, magharibi mwa Uganda, yamo ndani ya tabaka za mchanga, na maji yamo humo humo pamoja nayo. Katika mafuta ghafi kwa kawaida mna asidi za kikaboni, molekuli zenye kichwa cha kaboksili kinachopenda maji na madini, na mkia wa kaboni unaopenda mafuta. Kichwa kikinata kwenye chembe ya mwamba, mkia hubaki umeelekea nje, na uso uliokuwa ukilowa maji huanza kulowa mafuta. Mpango wa mradi wa mafuta wa Tilenga, ulioko bondeni humo, ni kushindilia maji ardhini ili yasukume mafuta kuelekea visimani, na maji hayo hayasukumi sawasawa mwamba unaolowa maji na ule uliokwisha kulowa mafuta. Ndiyo maana inafaa kujua ni asidi kiasi gani hunata, kwenye madini yapi, na kwa masharti gani.

Mwongozo huu ni wa wanafunzi na mafundi wa maabara wenye mizani ya miligramu, bureti, oveni na sentrifuji. Tangu mwanzo elewa kwamba asidi iliyonata huipimi moja kwa moja. Unapima iliyokuwepo, unapima iliyobaki, kisha unatoa. Asidi yoyote iliyopotelea kwenye chujio, kwenye kizibo cha plastiki, au iliyoganda chini kama sabuni, itahesabika kana kwamba imenata kwenye madini. Kwa hiyo una kazi mbili: kuhakikisha tofauti ni kubwa ya kutosha kupimika, na kuthibitisha kwamba asidi haikwenda kwingine.

Eneo la uso kwanza, kemikali baadaye

Majaribio mengi hufeli kabla chupa haijafunguliwa, kwa sababu unga uliochaguliwa una uso mdogo mno. Piga hesabu hii kabla ya kununua chochote. Asidi ya steariki ikijipanga wima na kubanana, kila molekuli hukalia takriban nanomita za mraba 0.21. Hiyo ni sawa na mikromoli 7.9 kwa kila mita ya mraba ya uso. Huo ndio ukomo wa tabaka moja, na hauongezeki kwa kuongeza asidi.

Sasa tazama unga wenyewe. Kwa chembe za mviringo, eneo kwa gramu ni 6 kugawanya kwa msongamano mara kipenyo. Mchanga wa kwatsi (silika) kama ule wa Bukakata, kando ya Ziwa Victoria, ukiuchukulia chembe za mikromita 200, una takriban 0.011 m² kwa gramu. Gramu 2 zitashika mikromoli 0.18 tu, kiasi ambacho bureti haiwezi kukiona kamwe. Kalisaiti (madini ya kalsiamu kaboneti) ya mikromita 1 ina takriban 2.2 m² kwa gramu. Gramu 2 zitashika mikromoli zaidi ya 30, na hizo zinapimika vizuri. Kwa hiyo mchanga wa ufukweni lazima usagwe hadi uwe laini kama poda, au ununue silika iliyokwisha kusagwa. Mawe ya chokaa ya Tororo yanaweza kusagwa pia, ila kwa somo la kwanza ni heri kutumia kalsiamu kaboneti safi ya dukani, kwa kuwa mawe huja na madini mengine ndani yake, yakiwamo ya chuma, na oksidi za chuma nazo hushika asidi.

Eneo hupimwa ipasavyo kwa gesi ya naitrojeni, njia iitwayo BET. Kama chombo hicho hakipo karibu, maabara za viwanda vya saruji hutumia kipimo cha Blaine, kinachopima jinsi hewa inavyopita kwenye unga ulioshindiliwa. Blaine huona uso wa nje tu, kwa hiyo namba yake huwa ndogo kuliko ya BET. Andika waziwazi umetumia kipimo gani. Ukikosa vyote, toa majibu kwa kila gramu na usijidai kuyatoa kwa mita ya mraba.

Vitu vya kuandaa

Kwa upande wa mafuta, kiyeyusho kizuri ni heptani au dekani. Zikiwa ghali, mafuta ya taa yanafaa baada ya kusafishwa: yapitishe polepole kwenye safu ya sentimita 30 ya jeli ya silika iliyokaushwa usiku kucha kwenye nyuzi 150, ili asidi na uchafu mwingine unaopenda maji ubaki humo. Yamekuwa safi pale mililita 10 zinapohitaji chini ya mililita 0.05 za alkali ya 0.01 M (moli kwa lita) kufikia rangi ya waridi ya fenolfthaleini. Yasipofikia hapo, yapitishe tena kwenye silika mpya.

Asidi ya steariki inayouzwa kwa watengeneza mishumaa na sabuni mara nyingi ni mchanganyiko wa steariki na palmitiki. Si kosa kuitumia, lakini usiamini uzito uliopima kwenye mizani. Amini namba ya moli inayotoka kwenye bureti. Ukiwa na asidi safi, gramu 0.427 kwenye mililita 250 za kiyeyusho hutoa 6 mmol/L (milimoli kwa lita). Ipashe moto kidogo kwenye maji ya vuguvugu hadi iyeyuke yote, iache ipoe, kisha ndipo ujaze hadi alama.

Alkali ni hidroksidi ya potasiamu ndani ya ethanoli au isopropanoli. Vidonge vyake kwa kawaida ni safi kwa asilimia 85 hivi, kilichobaki ni maji na kaboneti, kwa hiyo gramu 6.6 kwa lita hutoa takriban 0.1 M. Punguza mara kumi kupata 0.01 M siku ile ile ya kazi. Nguvu yake halisi ipime kwa asidi ya benzoiki: gramu 0.122 kwenye mililita 100 za ethanoli, chukua mililita 5, nazo zinapaswa kula takriban mililita 5 za alkali. Rudia kila asubuhi, maana alkali hii hunyonya kaboni dioksidi ya hewani na kupungua nguvu, hasa chupa ikifunguliwa mara kwa mara.

Vyombo viwe vya glasi. Mirija ya polistairini hulainika na kuharibika ndani ya heptani. Vizibo vya mpira hunyonya kiyeyusho na asidi pamoja. Vizibo vyenye bitana ya tefloni ndivyo vinavyofaa.

Kukausha unga

Unga wa kalisaiti au kwatsi ukaushe kwenye nyuzi 110 kwa saa 12, kisha uupoze ndani ya desiketa (chombo kilichofungwa chenye hewa kavu). Maji yaliyonata kwenye uso hushindana na asidi, na tofauti kati ya unga mkavu na ule uliokaa wazi mezani inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti unayoitafuta. Entebbe, Jinja au popote karibu na ziwa, unga huvuta unyevu ndani ya dakika chache, kwa hiyo pima uzito haraka na ufunike. Umeme ukikatika usiku na oveni ikapoa, usitoe unga asubuhi na kuendelea kama vile hakuna kilichotokea. Anza ukaushaji upya.

Unyevu ukitaka kuuchunguza makusudi, weka unga kwa wiki moja kwenye chombo kilichofungwa chenye mmumunyo wa chumvi ya mezani uliokolea hadi chumvi ikabaki chini. Hewa ya juu yake itakaa kwenye unyevu wa asilimia 75. Kloridi ya magnesiamu hutoa asilimia 33. Kwa njia hiyo unajua umeanza na unyevu gani.

Jaribio la mafuta, hatua kwa hatua

1. Kutoka kwenye mmumunyo wa 6 mmol/L, tengeneza pia 4, 2, 1 na 0.5.
2. Pima gramu 2.00 za unga mkavu kwenye kila chupa, chupa tatu kwa kila ukolezi. Ongeza mililita 20.0 za mmumunyo kwa pipeti.
3. Andaa chupa za ulinganisho: mmumunyo bila unga, na unga wenye kiyeyusho kitupu. Bila hizi, namba zako hazina msingi.
4. Tikisa kwa saa 24 kwenye nyuzi 25. Kwa ukolezi mmoja, toa chupa za ziada baada ya saa 2, 6 na 48. Kama ya 48 inalingana na ya 24, usawa umefikiwa. Mtikiso ukisimama kwa kukatika umeme unga hutuama chini, basi ongeza muda na uhakiki tena.
5. Zungusha kwenye sentrifuji kwa dakika 15 kwa mizunguko 3,000 kwa dakika. Mashine yenye cheche karibu na heptani ni hatari. Funika mirija na uhakikishe vizibo havivuji.
6. Vuta mililita 10.0 za juu bila kugusa unga, uziweke kwenye mililita 25 za ethanoli ambayo tayari umeitia matone ya fenolfthaleini na kuifikisha kwenye waridi hafifu kwa alkali.
7. Ongeza alkali ya 0.01 M ukizungusha chupa.

Hatua ya mwisho inahitaji macho. Chini ya taa nyeupe, na karatasi nyeupe chini ya chupa, kila tone huacha wingu la waridi linalotoweka. Wingu hilo linaanza kuchelewa kutoweka, halafu tone moja linageuza chupa nzima kuwa waridi nyepesi. Ikidumu sekunde 30, soma bureti. Ikififia baada ya dakika mbili, usiongeze tone, kwani hiyo ni kaboni dioksidi ya hewani wala si asidi yako. Ikiwa ethanoli na heptani zimejitenga tabaka mbili, tikisa kwa nguvu baada ya kila tone karibu na mwisho, la sivyo asidi iliyojificha juu haitaonekana.

Hesabu yenye mfano

Tuseme mwanzo ni 4.00 mmol/L na iliyobaki ni 2.60. Tofauti ni 1.40, mara lita 0.020, unapata mikromoli 28. Unga ni gramu 2.00 zenye 2.0 m² kila moja, jumla 4.0 m². Basi iliyonata ni mikromoli 7.0 kwa mita ya mraba, yaani kila molekuli imekalia nanomita za mraba 0.24. Ukilinganisha na 0.21 ya molekuli zilizobanana, tabaka karibu limejaa. Jibu hilo linaaminika.

Ukichora iliyonata dhidi ya iliyobaki, mstari unapanda kwa kasi kisha unalala. Kwa fomula ya Langmuir, gawanya iliyobaki kwa iliyonata na uchore dhidi ya iliyobaki. Mstari ukinyooka, mwinuko wake ni moja kugawanya kwa kiwango cha juu. Usilazimishe mstari unyooke kwa kufuta pointi za chini. Pointi hizo ndizo zinazoonyesha kama unga una sehemu chache zenye nguvu kuliko nyingine.

Jibu likizidi mikromoli 8 kwa mita ya mraba, usifurahi. Kwenye kalisaiti, asidi humenyuka na kaboneti na kutengeneza sabuni ya kalsiamu, maji na kaboni dioksidi. Kukiwa na unyevu, mmenyuko huo hauishii kwenye tabaka moja. Sabuni hujirundika, na bureti haiioni kwa kuwa si asidi tena. Kuhakiki, tikisa mililita 5 za mafuta ya juu pamoja na mililita 5 za asidi ya hidrokloriki ya 0.1 M, tenga maji, yarekebishe pH hadi 10, na upime kalsiamu kwa EDTA (kemikali inayoikamata kalsiamu) na rangi ya Eriokromu Nyeusi T. Kalsiamu ikionekana, sehemu ya asidi uliyodhani imenata inaelea kwenye mafuta ikiwa sabuni.

Kuna jaribio jepesi la kuona kwa macho. Chukua chembe za kalisaiti iliyotoka kwenye jaribio, zikaushe, zinyunyize juu ya maji kwenye bilauri. Kalisaiti safi inazama mara moja na kuyafanya maji yawe meupe. Iliyovaa asidi inakaa juu, kavu, ikitembea na upepo wa pumzi yako, na maji ya chini yanabaki angavu. Haikupi namba, lakini inakwambia mikia imeelekea nje.

Kwatsi hufanya tofauti. Asidi hushikwa na vikundi vya hidroksili vya uso wake kwa vifungo vya haidrojeni, ambavyo ni dhaifu. Ukimwaga mmumunyo na kuosha unga kwa kiyeyusho kitupu kwa saa 2, sehemu nzuri ya asidi hurudi kwenye mafuta. Kwenye kalisaiti hairudi kirahisi. Jaribio hili la kuosha halina gharama, na linatenganisha kilichoshikwa kwa nguvu na kilichoegeshwa tu.

Kutoka kwenye maji

Kwenye maji, anayetawala ni pH. Kaboksili hupoteza haidrojeni na kuwa hasi pH ikipita 4.8 hivi kwa asidi nyingi za mafuta. Uso wa kwatsi ni hasi kuanzia pH ya 2 au 3, kwa hiyo hasi hukutana na hasi na asidi hainati. Alumina (oksidi ya alumini) na oksidi za chuma, zile zinazoupa udongo wa marramu wekundu wake, huwa chanya hadi pH ya 8 au 9, na hapo asidi hushikwa vizuri. Kaolini (udongo mweupe wa mfinyanzi) iko katikati: nyuso zake pana ni hasi, kingo ndizo zinazoweza kushika, nazo hugeuka chaji kadiri pH inavyopanda.

Asidi ya steariki haifai hapa, kwani haiyeyuki kwenye maji. Tumia asidi ya salisiliki, ambayo pamoja na chuma hutoa zambarau inayosomeka kwenye spektrofotometa ya kawaida kwenye nanomita 525. Anza na alumina ya kromatografia ya takriban 150 m² kwa gramu: gramu 0.1 kwenye mililita 20 za salisilati ya sodiamu ya 1 mmol/L, ndani ya chumvi ya mezani ya 0.01 M. Weka chupa kwenye pH 5, 6, 7, 8 na 9 kwa matone ya asidi ya hidrokloriki au hidroksidi ya sodiamu, ukirekebisha tena baada ya saa moja, maana uso wenyewe hubadili pH. Chini ya 4.5 alumina huanza kuyeyuka.

Usitumie bafa (mmumunyo wa kudhibiti pH) ya asetati, sitrati wala fosfati. Zote hunata kwenye nafasi zile zile, na fosfati huzidi nguvu karibu kila asidi ya kikaboni. Kosa hili ni la kawaida mno, na matokeo yake huonekana kama asidi yako ni dhaifu.

Baada ya saa 24 na sentrifuji, punguza ukolezi wa maji ya juu kwa nusu, chukua mililita 4, ongeza mililita 1 ya kloridi ya chuma ya 0.05 M ndani ya asidi ya hidrokloriki ya 0.05 M (gramu 1.35 za kloridi yenye maji sita kwa mililita 100). Soma rangi dhidi ya mstari wa ulinganisho wa 0.1 hadi 0.5 mmol/L uliotengenezwa kwa chumvi ile ile. Ukiamua kuchuja badala ya kuzungusha, mwaga mililita 5 za kwanza zinazopita kwenye chujio, na upitishe pia mmumunyo usio na unga ili uone chujio lenyewe linakula kiasi gani.

Ukitaka kuhamia kwenye kaolini, mathalani ya Mutaka, ioshe kwanza mara tatu kwa chumvi ya 1 M, kisha kwa maji safi hadi nitrati ya fedha isionyeshe weupe. Ongeza unga hadi gramu 1 na ushushe asidi hadi 0.2 mmol/L, kwa sababu kingo ni sehemu ndogo ya uso wote. Kwa kalisaiti, tikisa maji na unga kwa siku kadhaa kabla ya kutia asidi, la sivyo jiwe litayeyuka, pH itapanda, na hutajua umepima nini.

Mafuta na maji kwenye chupa moja

Hapa asidi ina mahali patatu pa kukaa, na ni lazima upime pawili ili upate pa tatu. Pima mafuta kwa bureti. Maji yatie asidi ya hidrokloriki hadi pH 2, yakamue kwa kiyeyusho kipya, kisha upime kiyeyusho hicho. Hakikisha umeondoa matone ya maji, maana asidi ya hidrokloriki iliyobebwa nayo itahesabika pia. pH ikipanda kupita 8, asidi hugeuka sabuni na mchanganyiko hugeuka maziwa yasiyotengana. Kalsiamu ikiwamo, sabuni hiyo huganda kwenye mpaka wa mafuta na maji kama utando. Andaa chupa yenye mafuta, maji na kalsiamu bila unga wowote. Asidi inayopotea humo si ya madini.

Mpangilio wa kumimina pia hubadili jibu. Unga uliotangulia kulowa maji hubaki na utando mwembamba wa maji, na asidi ya mafuta hupata shida kuufikia uso. Ukitanguliza mafuta, inanata kwanza na maji hayaing'oi upesi. Mwambani maji yalitangulia, kwa hiyo anayetaka kuiga hali ya Ziwa Albert atangulize maji.

Mafuta ghafi yenyewe yaache hadi umezoea haya. Ya Uganda yana nta nyingi na huganda kwenye joto la kawaida la chumba; bomba la kwenda Tanga limebuniwa kupashwa moto liwe juu ya nyuzi 50. Fanya kazi kwenye nyuzi 60, mirija na pipeti ziwe moto pia, la sivyo nta itaganda juu ya unga na kuubadilishia uzito. Weusi wake huficha fenolfthaleini, kwa hiyo tumia elektrodi na kiyeyusho cha toluini mililita 500, isopropanoli 495 na maji 5, ukitoa jibu kwa miligramu za hidroksidi ya potasiamu kwa gramu ya mafuta. Toluini ifanyiwe kazi ndani ya kabati la kuvuta mvuke. Mabaki yote ya mafuta na viyeyusho yakusanye kwenye dumu la chuma lenye lebo. Kampala, kinachomwagwa mtaroni kinaweza kuishia mfereji wa Nakivubo na kutoka hapo ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, yanakochotwa maji ya bomba ya mji.